Magari ya dhana ya miaka ya 1950: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Gari la dhana ni nini, na linatofautianaje na gari la majaribio?

Gari la majaribio hutengenezwa ili kupima kitu kitakachouzwa: breki zake, injini yake, uimara wa fremu. Gari la dhana hutengenezwa ili wazo lionekane kwa macho kabla kampuni haijaamua kulitolea fedha. Wabunifu wanajifunza umbo, wakubwa wa kampuni wanasikiliza umati unasemaje, na mteja anaondoka kwenye ukumbi wa maonyesho akiitamani chapa ile hata kama atanunua gari la kawaida. Kwa hiyo ukikutana na gari la mwaka 1956 lenye usukani kama wa ndege, usianze kwa kuuliza kwa nini halikuuzwa. Uliza lilitengenezwa kujibu swali gani. Karibu kila moja, hata lile linaloonekana la kichaa, lilikuwa na swali lake.

Lipi lilikuwa la kwanza?

Wengi wanaitaja Buick Y-Job ya 1938, iliyobuniwa chini ya Harley Earl, mkuu wa ubunifu wa General Motors (GM). Ilikuwa na taa za mbele zinazojificha, madirisha ya umeme, paa linalokunjwa kwa mtambo, na vitasa vilivyolala sawa na bodi. Injini yake ilikuwa ya silinda nane zilizopangwa kwa mstari mmoja, lita 5.2. Lilikuwa gari kamili la barabarani, na Earl alilitumia mwenyewe kwa miaka mingi.

Mwaka 1951 ikafuata Le Sabre ya kampuni hiyo hiyo, iliyochukua sura yake kwenye ndege ya kivita ya F-86 Sabre. Injini yake ya V8 ya alumini, lita 3.5 tu, ilisukumiwa hewa kwa supachaja na kutoa nguvu za farasi 335, ikitumia petroli na methanoli. Umeme wake ulikuwa wa volti 12 wakati magari mengi ya Marekani yalikuwa bado na volti 6. Katikati ya viti kulikuwa na kihisio cha mvua: matone yakidondoka pale wakati gari limeegeshwa wazi, paa na vioo vinapanda vyenyewe. Ndani ya gari mlikuwa pia na jeki za umeme za kuliinua.

Yote yalikuwa yanatembea?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi hudanganywa na picha. Kuna makundi matatu. La kwanza ni magari kamili yenye injini, kama Y-Job, Le Sabre na Lincoln Futura. La pili ni yale yenye ukubwa halisi lakini matupu ndani, yanayosukumwa kwa mikono mpaka jukwaani. Ford FX-Atmos ya 1954 ilikuwa na fimbo za kuongozea na mapezi marefu nyuma kama ya ndege, lakini haikuwa na injini. La tatu ni vielelezo vidogo, mara nyingi vya kipimo cha tatu kwa nane ya gari halisi. Ford Nucleon ya 1958 na Ford Seattle-ite XXI ya 1962, lile gari la magurudumu sita, yako kundi hili la mwisho. Gari ambalo lingekuwa na urefu wa mita 5.6 hubaki na mita 2.1 kwa kipimo hicho, ukubwa wa meza ya chakula.

Ukitazama picha na hujui ni kundi lipi, anza chini. Tafuta eksozi yenye masizi. Tazama kama kuna tundu halisi la kupitisha hewa kwenda kwenye rejeta au ni pambo lililozibwa nyuma. Angalia nafasi kati ya tairi la mbele na bodi: gari lisilo na nafasi ya tairi kukata kona halikukusudiwa kuendeshwa.

Yalitengenezwaje hatua kwa hatua?

Kazi ilianza kwa michoro ya penseli na rangi, kisha mchoro mmoja ukahamishiwa ukutani kwa ukubwa halisi kwa kutumia utepe mweusi. Utepe ulipendwa kwa sababu mstari ukikosewa unabanduliwa na kubandikwa upya kwa sekunde chache.

Baada ya hapo kilijengwa kielelezo kidogo cha udongo, na kikikubaliwa, cha ukubwa kamili. Udongo huu si ule wa mfinyanzi. Umechanganywa na nta na mafuta, haukauki, na hupashwa moto katika oveni mpaka kama nyuzi 60 za Selsiasi ndipo unakuwa laini wa kupakwa. Ndani huwa na kiunzi cha mbao, na udongo hupakwa juu yake kwa unene wa sentimita chache tu. Kuujaza mwili mzima ni kosa la wanaoanza: kielelezo kinakuwa kizito kupita kiasi, udongo wa ndani unapoa polepole kuliko wa nje, na nyufa zinatokea. Kosa jingine ni kupaka udongo wa moto juu ya udongo baridi bila kuukwaruza kwanza. Tabaka halishiki, na baada ya siku mbili tatu linabanduka kama gamba.

Upande mmoja ulichongwa hadi ukamilike, kisha vipimo vikachukuliwa kwa daraja la kupimia linalotembea juu ya reli, na upande wa pili ukachongwa ulingane nao. Uso ukalainishwa kwa bamba jembamba la chuma, ukafunikwa kwa utando uliokwisha kupakwa rangi. Utando huo ulilowekwa majini, ukavutwa juu ya udongo, maji yakasukumwa nje kwa kifutio cha mpira. Kwa mbali gari lilionekana la chuma kabisa.

Kama bodi ilikuwa ya fibaglasi, plasta ilimwagwa juu ya udongo kwa vipande ili kupata kalibu. Kalibu ikikauka inapakwa nta ya kuzuia kunata, halafu koti la kwanza la resini, halafu matabaka ya mkeka wa nyuzi za kioo yakilowanishwa kwa resini ya poliesta. Kigandishi huwa kama asilimia 1 hadi 2 ya resini. Kikizidi, resini inachemka yenyewe, inapinda na kupasuka. Kikipungua, inabaki inanata kwa wiki. Mapovu ya hewa yasipotolewa kwa rola, miaka thelathini baadaye yanaonekana kama vipele chini ya rangi, na hilo ndilo tatizo ambalo warekebishaji wa magari haya hukutana nalo mara nyingi kuliko yote.

Kwa nini magari mengi ya kampuni za Marekani yalijengwa Italia?

Kwa sababu ya Ghia, karakana ya kujenga bodi za magari huko Turin. Mafundi wake waliweza kugonga bamba la chuma kwa nyundo juu ya umbo la mbao mpaka likafuata mchoro, kwa gharama ndogo ambayo karakana ya Detroit isingeweza kuifikia. Chrysler ilipeleka kazi nyingi huko chini ya mbunifu wake Virgil Exner, na Lincoln Futura ya 1955 pia ilijengwa huko kwa gharama ya dola 250,000.

Hatari ilikuwa safari. Chrysler Norseman, iliyochukua takriban miezi 15 kujengwa, ilipakiwa kwenye meli ya Andrea Doria kwenda New York. Usiku wa tarehe 25 Julai 1956 meli hiyo iligongana na meli nyingine, Stockholm, karibu na kisiwa cha Nantucket, Marekani, na kesho yake ikazama na gari ndani ya ngama. Kilichopotea ni jibu ambalo watu walilisubiri: paa la Norseman halikuwa na nguzo za mbele. Lilishikiliwa kutoka nyuma tu na kuning’inia juu ya kioo. Gari lile lilikusudiwa kupimwa kwa vitendo, na bila lenyewe hakuna aliyepata kujua paa lile lingehimili miaka mingapi ya mitikisiko ya barabara.

Kuba la plastiki juu ya abiria lilikuwa zuri. Kwa nini halikufika barabarani?

Futura ilikuwa na makuba mawili, moja kwa kila abiria. Firebird III ya GM ilikuwa nayo mawili pia. Cadillac Cyclone ya 1959 ilikuwa na moja lililopakwa utando wa rangi ya fedha ndani ili kupunguza jua, na utando huo unakueleza tatizo la kwanza.

Joto. Mwanga wa jua unapita kwenye akriliki, ile plastiki angavu ya kuba, unapasha viti na dashibodi, na joto linalotoka kwenye vitu hivyo haliwezi kupita tena kutoka. Hakuna paa la kutia kivuli. Mitambo ya kupooza hewa ya wakati ule ilikuwa mizito na ilishindwa kulimudu jua la adhuhuri likipiga kutoka pande zote kwa pamoja.

La pili ni macho. Kuba hutengenezwa kwa kupasha bamba la akriliki hadi nyuzi 160 hivi na kulipuliza kama puto. Unene haubaki sawa: katikati panakuwa pembamba, kingoni panene. Dereva anaona taa za gari linalokuja zikisogea na kujipinda anapogeuza kichwa. Mvua ikinyesha hakuna wepa inayoweza kufuata umbo lile bila kuacha mabaka, na mpira wa wepa ukishika mchanga unachora mikwaruzo kwa sababu akriliki ni laini kuliko kioo.

Kuna la tatu, ambalo kwa maoni yetu lilitosha peke yake kulizuia: gari likipinduka, hakuna kitu juu ya kichwa, na mtambo wa kuinua kuba ukikatika umeme, abiria yuko ndani ya chupa. Wabunifu walijua pia kwamba kuba linaziba sauti za nje. Ndiyo maana Cyclone ilikuwa na simu ya kuongea na mtu aliye nje, na Futura ilikuwa na maikrofoni ya nyuma ya kumsikilizisha dereva magari yanayomfuata.

Gari la turbini lilifanyaje kazi?

Kompresa inafyonza hewa na kuibana. Hewa inaingia kwenye chumba cha mwako, mafuta yanapulizwa, yanawaka mfululizo bila kuzimika. Gesi ya moto inazungusha turbini ya kwanza, ambayo kazi yake ni kuendesha kompresa tu. Kisha inapita kwenye turbini ya pili, isiyounganishwa na ya kwanza, na hiyo ndiyo inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Hakuna pistoni, na plagi inahitajika wakati wa kuwasha tu. Mafuta yanaweza kuwa ya taa, dizeli, au karibu chochote kinachowaka na kutiririka.

Rover ya Uingereza ilitangulia na JET1 mwaka 1950, na mwaka 1952 gari hilo lilifika karibu kilomita 246 kwa saa huko Jabbeke, Ubelgiji. Fiat Turbina ilijaribiwa Aprili 1954 kwenye njia iliyo juu ya paa la kiwanda cha Lingotto.

GM ilionyesha Firebird I mwaka 1954. Ilikuwa na kiti kimoja, mabawa mafupi, nguvu za farasi 370 na uzito wa takriban kilo 1,130. Ngoma za breki ziliwekwa nje ya magurudumu ili zipoe, na mabawa yalikuwa na vibao vinavyofunguka kukamata upepo wakati wa kupunguza mwendo. Ilipojaribiwa, kwenye mwendo wa kama kilomita 160 kwa saa, dereva Emmett Conklin aliingiza gia ya pili na matairi yakapoteza mshiko wa barabara kwa nguvu zilizokuja ghafla. Akapunguza mwendo mara moja. Gesi iliyotoka nyuma ilikuwa na joto la nyuzi 677. Fikiria kusimama nyuma ya gari hilo kwenye foleni.

Kwa hiyo joto ndilo lililoiua turbini?

Joto lilipatiwa ufumbuzi mkubwa. Firebird II ya 1956 iliongeza kirejesha joto: gesi inayotoka inapasha hewa inayoingia, hivyo mafuta yanaokolewa na eksozi inapoa kwa mamia ya nyuzi. Gari hilo la viti vinne lilikuwa pia na breki za diski na bodi ya titani, madini ambayo yaliwatesa mafundi sana kuyakunja.

Matatizo yaliyobaki yalikuwa ya kila siku. Ukikanyaga eksileta, kompresa inahitaji muda kuongeza mizunguko kabla gari halijaitikia. Kwenye makutano yenye magari mengi muda huo ni mrefu. Ukisimama, turbini inaendelea kunywa mafuta kwa sababu haiwezi kushuka hadi mizunguko michache kama injini ya pistoni. Na kwa kuwa turbini ya pili haijaunganishwa na kompresa, ukiachia eksileta injini haikusaidii kupunguza mwendo mpaka utengeneze mtambo maalumu wa kufanya hivyo. Juu ya yote, mapanga ya turbini yalihitaji aloi za bei kubwa zisizolegea kwenye moto.

Ni kweli Chrysler ilitengeneza gari lililokwenda kwa tequila?

Kweli. Kati ya 1963 na 1966 Chrysler ilikopesha magari 50 ya turbini kwa wananchi wa kawaida wa Marekani, wapokezi 203 kwa zamu, ili wayatumie katika maisha yao. Hili ndilo jaribio tunaloliheshimu kuliko yote katika historia hii, kwa sababu wazo lilitolewa jukwaani na kukabidhiwa kwa watu wenye watoto, sokoni na kazini. Bodi zilitoka Ghia, rangi ya shaba. Kompresa ilifika mizunguko 44,600 kwa dakika, na nguvu zilikuwa za farasi 130. Rais Adolfo López Mateos wa Mexico aliliendesha kwa tequila baada ya wahandisi kuthibitisha kuwa ni salama.

Ajabu ni kwamba mafuta yaliyolisumbua ni yale yaliyopatikana kila kituo: petroli yenye risasi, ambayo iliacha utando mgumu ndani ya injini. Matatizo mengine yaliyoripotiwa: kuwasha kulikuwa na hatua nane, na waliozikosea waliharibu injini; sehemu za mwinuko mkubwa, ambako hewa ni nyepesi, vianzishi vilisumbua; na kasi ya kuondoka haikuwaridhisha waliotarajia ndege. Jumla yalitengenezwa 55. Mwishoni 46 yaliharibiwa, 9 yakabaki.

Je, Ford Nucleon ingeweza kutembea kwa nyuklia?

Ford ilieleza kwamba kinu kidogo cha nyuklia nyuma ya gari kingechemsha maji, mvuke ungezungusha turbini, na ungeweza kwenda kama kilomita 8,000 kabla ya kubadilisha kinu kizima kwenye kituo. Kuchemsha maji si tatizo. Nyambizi Nautilus ilikuwa tayari inafanya hivyo. Tatizo ni kinga ya mionzi.

Piga hesabu. Kila sentimita moja hivi ya risasi hupunguza mionzi ya gama kwa nusu. Kuipunguza mara milioni moja kunahitaji kuikata nusu mara ishirini, yaani unene wa kama sentimita 20. Kinu chenye ukubwa wa mita moja kila upande, kikizungushiwa risasi ya unene huo, kinabeba takriban tani 20 za kinga. Kifinye mpaka nusu mita, bado ni karibu tani 7, na hujaweka maji au plastiki ya kuzuia nyutroni. Jeshi la Anga la Marekani lilirusha ndege ya NB-36H yenye kinu cha majaribio kati ya 1955 na 1957, na chumba cha marubani peke yake kilihitaji kinga ya tani zipatazo 11. Wabunifu wa Nucleon waliwaweka abiria mbele kabisa, hata mbele ya ekseli ya mbele, kuwatenga na kinu. Umbali wa mita tatu hausaidii kitu mbele ya namba hizo, achilia mbali ajali.

Mapezi ya nyuma yalikuwa na kazi yoyote?

Kwa magari mengi ya Marekani yalikuwa pambo. Kwa Alfa Romeo BAT yalikuwa kazi. Franco Scaglione, mbunifu wa karakana ya Bertone ya Italia, alitengeneza BAT 5, 7 na 9 kwa miaka mitatu mfululizo, 1953 hadi 1955, na mapezi yake yaliyojikunja ndani yaliongoza hewa iungane taratibu nyuma ya gari badala ya kupasuka na kulivuta. Kipimo cha ukinzani wa hewa cha BAT 7 kilikuwa 0.19, na kadiri kilivyo kidogo ndivyo hewa inavyolizuia gari kidogo. BAT 5, kwa injini ya farasi 100 tu, ilifika kilomita 200 kwa saa. Magari mengi mapya ya leo hayajafikia 0.19. Yote matatu yaliuzwa pamoja na Sotheby’s Oktoba 2020 kwa dola milioni 14.84.

Ni nini kilichotoka jukwaani kikafika barabarani?

Chevrolet Corvette, kwanza kabisa. Ilionyeshwa katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, Januari 1953, na tarehe 30 Juni mwaka huo huo la kwanza likatoka kiwandani Flint, Michigan. Mwaka ule yalitengenezwa 300, bodi za fibaglasi. Kioo cha mbele kinachozunguka pembeni, cha Le Sabre, kilienea kote Marekani kisha kikaachwa mwanzoni mwa miaka ya 1960: nguzo zake zilirudi ndani zikawa zinagonga magoti ya anayeingia, na kwenye pembe kioo kilipotosha picha.

Yako wapi leo?

Mengi yalipondwa kwa amri ya kampuni, ambazo hazikutaka kulipia ghala wala kubeba lawama kama mtu angeumia nayo. Manne ya GM yaliyopelekwa kupondwa katika yadi ya magari chakavu ya Warhoops huko Michigan hayakupondwa. Mkusanyaji Joe Bortz aliyanunua mwishoni mwa miaka ya 1980: LaSalle II mbili, Eldorado Brougham na Chevrolet Biscayne, hiyo ya mwisho ikiwa imekatwa vipande.

Firebird zote tatu ziko kwa GM, kielelezo cha Nucleon kiko Henry Ford Museum, Dearborn, na Fiat Turbina iko makumbusho ya magari Turin. Futura iliuzwa kwa George Barris, fundi wa kubadilisha magari, kwa dola 1, akaigeuza kuwa gari la Batman la televisheni mwaka 1966. Mwaka 2013 ilinadiwa kwa dola milioni 4.6 pamoja na kamisheni.

Anayetunza au kurekebisha gari la aina hii aangalie nini kwanza?

Akriliki kabla ya injini. Usiisafishe kwa dawa ya vioo yenye amonia, pombe wala petroli. Huleta nyufa nyembamba kama utando wa buibui zisizoondoka. Tumia maji mengi, sabuni laini na kitambaa cha pamba, na kamwe usifute vumbi kikavu. Kwenye fibaglasi, gonga taratibu kwa sarafu kila sentimita tano: mlio mkavu ni mzima, mlio mfu ni tabaka lililoachana. Kabla ya kusaga rangi ya zamani, kata kipande kidogo mahali pasipoonekana na uhesabu matabaka, kwa sababu magari haya yalipakwa upya kila onyesho na rangi ya kwanza mara nyingi bado iko chini. Na kama ni turbini, usijaribu kuiwasha mpaka mapanga yote yakaguliwe kwa kamera ndogo na beringi zizungushwe kwa mkono. Panga moja likikatika kwenye mizunguko elfu arobaini, hakuna injini itakayobaki ya kurekebisha.